T ya Toa, F ya Funga

Jumatatu, 17 Machi

Na mikono yake sasa! Jana kalamu iliniishia wino kabla sijafika kwenye mikono. Oili imeingia kwenye mistari ya viganja vya Mwaniki, hata asugue kwa sabuni ya unga na mchanga haitoki, nami naisoma kama ramani ya nchi yangu mwenyewe. Miezi mitatu na siku tatu ya ndoa. Bado nikisikia hatua zake kwenye kokoto navua aproni mbio na kujipanga nywele kwenye kioo cha saa.

Lakini leo nimekasirika, ndiyo maana maandishi yanatoboa karatasi. Nilimpelekea chakula cha mchana kwenye banda lake la kutengeneza pikipiki, chini ya soko la Mukurweini. Nilikuta Muriithi, yule bodaboda mrefu, amesimama hapo na abiria wake bado yuko juu ya kiti.

"Fundi Rudia!" akasema kwa sauti ya kila mtu. "Hii ni mara ya tatu. Si unipatie kadi ya uanachama?"

Watu wakacheka. Mwaniki naye akacheka kidogo, ndicho kilichoniuma.

"Labda ni wewe hujui kupanda mlima," nikamwambia Muriithi.

"Madam, mlima ni ile ile. Kabla bwana yako afungue hii injini nilikuwa napanda na magunia mbili na jogoo. Saa hii niko peke yangu na inakohoa kama babu."

Fundi Rudia. Ati jina la mume wangu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Tumeweka sufuria mbili chini ya paa na kukaa tukizisikiliza zikijibizana. Nampenda mpaka nasikia haya.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimemwomba anieleze kazi yake, maana siwezi kumtetea mtu kwa kitu nisichokielewa. Alifurahi! Akachora kwa mkaa kwenye sakafu. Juu ya injini kuna mhimili unaozunguka na kufungua vali mbili, ambazo ni kama milango midogo: mmoja unaingiza hewa na petroli, mwingine unatoa moshi. Mhimili huo unaitwa kamshafti, nao huvutwa na cheni inayotoka chini kwenye magineti, lile gurudumu la sumaku linalozunguka ubavuni mwa injini. Cheni ikikaa jino moja pasipo pake, milango inafunguka wakati usiofaa na pikipiki inakosa pumzi. Kwa hivyo fundi akiirudisha hukagua kwanza alama zilizopigwa kwenye magineti. Hiyo ndiyo wanaita taimingi.

"Kama bibi-arusi anayesema 'nakubali' kabla pasta hajauliza," nikasema.

"Wewe ulisema kabla hajauliza," akanijibu.

Ni kweli nilisema. Kanisa zima lilicheka.

Kazi hii alifunzwa na Mjomba Kahiga kule Chaka, kaka yake Mama Gladwell, mama mkwe wangu. Miaka minne alikaa kwake. Siku ya harusi Mjomba alisimama mbele ya hema, akampa sanduku jekundu la spana na kutangaza, "Hakuna kitu mimi najua ambayo huyu kijana hajui." Nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni. Tangu siku hiyo hupiga simu kila wiki. Lini mtanitembelea, mbuzi ananenepa, maharusi hawajui njia ya Chaka? Mtu wa upendo kama huyo hawezi kufundisha fundi mbaya. Hilo tu ningetaka Muriithi ajue.

Alhamisi, 27 Machi

Pikipiki mbili zimerudi leo. Moja inapiga risasi kwenye ekzosi, nyingine inachemka kabla ya kufika hospitali. Mwenye hii ya pili aliiegemeza ukutani na kuondoka kwa miguu kwenye mvua. Afadhali angetukana.

Nimemwambia Mwaniki asiwasikilize. Watu wa hapa walimzoea fundi mzee aliyehamia Othaya, ndiyo maana hawamtaki kijana. Nilisema maneno mengi. Nilikuwa na hasira nzuri kabisa, nikalala nayo kama mto.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekosana na Mama Gladwell, ingawa yeye hajui. Tulikuwa tunakata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, nikamweleza maneno ya mji. Nilitaka akasirike pamoja nami. Akainuka, akafuta panga kwenye sketi, akasema, "Pikipiki haina chuki na mtu, Peris. Ikisema ni mgonjwa, ni mgonjwa."

Mama gani hasemi mwanangu ni fundi bora? Nilikata nepia mpaka malengelenge yakatoka.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Muriithi amerudi mara ya nne. Mwaniki ameifungua injini yake yote, akaosha kila kitu kwa petroli, akaifunga upya. Alifanya kazi siku nzima, wala hakula. Alipomaliza alinitazama kama mtoto aliyemaliza mtihani. Nikambusu mbele ya soko zima. Acha waseme.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo si siku ya kuandika, lakini nitaandika.

Asubuhi Mama alikuwa anapeleka maziwa ya kikundi kwenye kiwanda cha kupoza. Barabara ni tope tupu, akapanda pikipiki ya Muriithi, mtungi ukiwa katikati yao. Kwenye kile kilima baada ya mto, katikati kabisa, injini ilikata pumzi. Muriithi aliongeza petroli, ikakohoa, ikazima. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma kwenye tope. Alishika breki lakini matairi yalikuwa yanateleza kama sabuni. Walianguka mtaroni. Mama aliangukia mkono wa kulia, na mtungi ukamwangukia juu ya mkono huo huo.

Umevunjika juu ya kifundo. Mifupa miwili.

Muriithi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabara kuu, akasimamisha gari, akakaa naye hospitalini. Mimi nilipofika sikumshukuru. Nilimpigia kelele pale kwenye benchi, mbele ya wagonjwa, nikimwambia hajui kuendesha. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Hakunijibu kwa mzaha. Alisema tu, "Madam, niliipanda hii mlima miaka saba. Uliza bwana yako alifunga nini Jumanne."

Mwaniki alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja na spana mkononi, alisahau kuiweka chini. Mama alimwona, akamwita kwa mkono mzima. "Njoo hapa. Mimi si pikipiki, sitakuuliza kitu."

Nilitoka nje, nikapiga ukuta teke. Mpaka sasa kidole kinauma na sijui nilikuwa nampiga nani teke.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwaniki ameamua: anaacha ufundi. Kuna mtu anayemfahamu kule Kangari, anasimamia wachuma majani ya chai. Tarehe tano Mei ataanza. Atalala kwenye nyumba za wafanyakazi, na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi.

"Mara moja kwa mwezi!" nikasema. "Mimi niliolewa na mwanaume au na siku ya mshahara?"

"Nilivunja mkono wa mama yangu, Peris."

"Ni mlima uliovunja!"

"Wewe unanitetea mpaka unanizuia kuona," akasema, bila kupaza sauti.

Sijawahi kukasirishwa na mtu ninayempenda namna hii. Nilichukua mto wangu nikakaa jikoni na kuku. Aliniletea blanketi, nikazidi kukasirika.

Jumanne, 15 Aprili

Sijasema naye. Ameninunulia maandazi. Nimeyala lakini sijasema naye.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mwaniki hakuja kanisani, anasema watu watautazama mkono wa Mama kisha wamtazame yeye. Walimtafuta kweli. Mama aliimba nyimbo zote na plasta yake kifuani, na mtu alipouliza, alisema, "Niliteleza." Neno moja tu kwa kila mtu. Ndiyo namna yake ya kumtetea mwanawe, wala haitumii kelele. Nimekuwa mjinga kuhusu huyu mama.

Jumatano, 23 Aprili

Banda limefungwa. Mvua inanyesha mchana kutwa.

Jumapili, 27 Aprili

Nitaandika yote, hata nikimaliza daftari.

Baada ya kanisa Mwaniki alikuwa anapanga vitu vyake vya Kangari. Alinipa daftari lake la kazi, lile la Chaka lenye jalada la kijani, akasema nilitumie kuwashia moto. Mimi siwezi kuchoma mwandiko wa mume wangu. Nilikaa kwenye ngazi kulisoma, nikitafuta kama ameandika jina langu mahali, maana mwaka wake wa mwisho huko ndio alionichumbia. Aliandika mara sita. Moja ni katikati ya vipimo vya gasketi! Nilikuwa karibu kumsamehe kila kitu.

Kisha nikafika ukurasa wa taimingi. Amechora magineti kama mwezi, na kidirisha cha kuchungulia, na alama mbili ambazo zimepigwa kwenye chuma: T na F. Chini yake, kwa herufi kubwa na mstari: T – TOA. F – FUNGA.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni ile mambo ya alama. Ukitoa cheni unasimamisha T kwenye kidirisha. Ukifunga unasimamisha F. Toa, funga. Mjomba alinifunza wiki ya kwanza, ni rahisi kukumbuka."

"Hii pikipiki ilitengenezwa wapi?"

"India."

"Mwaniki. Ni nani kule India alijua neno *funga*?"

Akanitazama. Akalichukua daftari.

"Mjomba alisema..."

"T ni *top*! Juu kabisa! Na F ni *fire*, moto wa plagi! Ni Kiingereza! Mtu wa kiwanda hakuandika Kiswahili kwa ajili yetu!" Nilikuwa nimesimama, napiga kelele, na mwalimu wangu wa fizikia wa kidato cha nne angejivunia na pia angeniambia nikae chini.

Mwaniki hakuamini. Sikumlaumu, mimi mwenyewe nilitaka kuona. Kwa hivyo tulikwenda bandani kwenye mvua, Jumapili, na nguo za kanisa. Akatoa plagi ya pikipiki ya Muriithi, ambayo bado imelala hapo tangu ajali. Alihitaji kitu chepesi cha kuingiza kwenye tundu ili aone pistoni ikipanda. Nikatoa kutoka daftari hili langu, katikati ya kurasa za Desemba, ule mrija wa soda tulionywea pamoja siku ya harusi. Ndiyo, niliuhifadhi. Ndiyo, alicheka. Mara ya kwanza tangu mkono wa Mama.

Akauingiza mrija. Akazungusha magineti kwa spana, polepole, mimi nikichungulia kwenye kidirisha kwa tochi ya simu.

"F imefika," nikasema. "Simama. Mrija?"

"Bado."

"Nini bado?"

"Bado inapanda." Akaongeza kidogo, kidogo sana, na T ikaja katikati ya kidirisha, na mrija ukasimama juu kabisa, na alipozidisha ukaanza kushuka.

Alirudia mara tano. Mrija haukubadilisha maneno.

Kwa hivyo kila injini aliyoifungua juu tangu Januari, aliifunga pistoni ikiwa bado haijafika juu. Siku nyingine jino la cheni lilijiangukia mahali pake kwa bahati, na pikipiki ikaenda vizuri. Siku nyingine lilikosea jino zima. Ndiyo maana alikuwa haelewi. Si mzembe, si mjinga. Alikuwa anatii.

Aliketi kwenye tairi kuukuu. Nikamuuliza, "Miaka minne. Hukumwona Mjomba mwenyewe akifunga?"

Nikaona kitu kikitokea usoni mwake ambacho sitaki kukiona tena.

"Chai," akasema.

"Chai gani?"

"Kila mara tukifika pale pa kufunga, alikuwa ananituma chai. 'Mwaniki, kimbia hoteli, uniletee chai moto.' Nikirudi kifuniko iko juu."

Miaka minne ya chai. Miaka minne akikimbia na kikombe kwenye vumbi la Chaka ili asione! Nilichukua sanduku jekundu la spana, lile nililolilia harusini, nikataka kulitupa mtoni. Mwaniki alilishika upande mmoja, mimi mwingine, tukavutana kwenye mvua kama watoto.

"Spana haijadanganya mtu," akasema. "Iache."

Kisha akaweka T katikati ya kidirisha, akalinganisha alama ya juu ya kamshafti na mstari mdogo wa kichwa cha injini, akafunga. Sikumwacha hata sekunde moja. Hakuna aliyenywa chai.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilikwenda stendi mwenyewe, nikamwambia Muriithi pikipiki yake iko tayari na namwomba msamaha kwa ile siku ya hospitalini. Madereva wenzake walipiga miluzi.

"Mara ya tano hii," akasema. "Mimi na hiyo banda tutafunga ndoa."

Lakini alikuja. Mwaniki alimweleza kosa lake lote bila kujificha, T na F na kila kitu, mbele ya watu. Kwangu hilo lilikuwa gumu kulisikiliza kuliko matusi. Muriithi alimwambia Mwaniki apande nyuma, kisha akaniambia na mimi nipande, watu watatu kama mishikaki, akaelekea kilima kile kile, tope lile lile.

Ilipanda! Ilipanda ikiimba! Pale mtaroni Mama alipoangukia Muriithi alipiga honi, na alipofika juu akasimama, akazima injini, akageuka.

"Fundi," akasema. Fundi tu, bila jina la pili. "Sasa ni nani alikufunza hiyo upuzi?"

Mwaniki akatazama milima. "Mtu wa nyumbani," akasema.

Jumatano, 30 Aprili

Ameita pikipiki zote zilizowahi kurudi, moja moja, anafunga upya. Mimi nashika tochi. Anataka nitamke herufi kwa sauti, kwa hivyo siku nzima nasema "T" kama mwanafunzi wa chekechea.

Jumatatu, 5 Mei

Leo ndiyo ingekuwa siku ya kwenda Kangari. Yuko bandani. Namsikia kutoka hapa, na kila injini inayowaka nasema asante.

Lakini hasira yangu haijaondoka, imehamia Chaka tu. Mwaniki anasema nimwache mzee, "alinilisha miaka minne." Nimemwambia hata nguruwe hulishwa. Hakupenda neno hilo. Mimi nalipenda.

Ijumaa, 9 Mei

Mjomba Kahiga amepiga simu yake ya kila wiki. Tulikuwa tunamenya viazi, Mama, Mwaniki na mimi. Nikaiweka simu mezani kwa sauti kubwa.

"Bibi-arusi! Mbuzi amenenepa mpaka hawezi kutembea! Mtakuja lini?"

"Mjomba, F ni ya nini?"

Kisha, Mungu nisaidie, akacheka.

"Ameona? Miezi nne tu! Huyo kijana ako na kichwa. Mimi ilinichukua miaka mbili."

"Ulijua?"

"Si hata mimi nilifunzwa hivyo? Mzee wangu wa Karatina alinipatia toa na funga, na yeye alipatiwa. Hiyo ni mtihani ya mwisho, mwanangu. Fundi wa kweli anaigundua mwenyewe. Kila fundi huacha kitu moja mfukoni, ama mwanafunzi atafungua banda mlango wa pili, akuibie wateja."

"Kuacha ni kunyamaza, Mjomba," nikasema. "Wewe hukunyamaza. Ulisema, na yeye akaandika."

"Wacha hasira. Ni nani ameumia?"

Mama aliweka kisu chini. "Kahiga."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, dada yako. Ule mkono nilikuambia niliteleza, haikuwa kuteleza. Huo mkono ndio ulifanya mtihani yako."

Nilisikia redio ya bandani kwake, na mtu akigonga chuma. 

"Sikujua," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo. "Gladwell, sikujua. Mje. Nitachinja."

Mwaniki ndiye aliyejibu, nami nilishangaa. "Sitaki mbuzi, Mjomba. Nataka nikuone ukifunga injini moja. Mbele yangu, kutoka mwanzo mpaka kifuniko. Halafu ile toa na funga kwenye daftari za vijana unaofunza sasa, uifute mbele yao."

Mjomba alikohoa, akasema salio linaisha, akakata, ingawa yeye ndiye huwa anajisifu kwa salio.

Nilimtazama mume wangu, viazi mkononi. Nilidhani nilimpenda Desemba. Desemba nilikuwa nacheza tu.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imepungua, ule Mlima mkubwa umejionyesha asubuhi mpaka barafu ya kileleni.

Mjomba hajapiga tena, wiki ya kwanza tangu harusi. Anadhani akinyamaza tutasahau. Kwa hivyo mimi ndiye nimempigia. Nilimsalimu kwa heshima zote, nikamuuliza hali ya mbuzi, kisha nikamwambia: Mjomba, umetualika miezi mitano na tumekuwa na aibu ya kuchelewa. Tunakuja Jumamosi tarehe ishirini na nne. Mama atakuja na plasta yake, Mwaniki na daftari lake la kijani. Muriithi ndiye atatuleta, kwa zamu, na pikipiki ile ile, ndiyo utakayoifungua.

"Basi nitaagiza chai," akasema kwa unyonge.

Nikamwambia asijisumbue. Nina thamosi kubwa ya maua, zawadi ya harusi, haijawahi kutumika. Nitaijaza chai ya maziwa na tangawizi hapa Mukurweini, na kubeba vikombe vya kutosha watu wote wa bandani. Akifika pale pa kufunga akainua kichwa kutafuta mtu wa kutuma, chai itakuwa mbele yake tayari, inatoa moshi. Kabla ya mwezi huu kwisha, Mjomba. Tutakaa mpaka kifuniko kiwe juu.